Vilivyomo Ndani ya Chumba cha Baridi

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa kicheko. Jioni ile, kwenye benchi la barazani kwa Kinyozi, ilikuwa zamu ya Breki kuendeleza hadithi. Breki ni dereva wa malori aliyestaafu, na hana uwezo wa kumuacha mtu taabuni. Mwanamke wa hadithi, mtunza ghala wa kiwanda cha nyama, alikuwa amefungiwa na meneja wake ndani ya chumba cha baridi, basi Breki akamfanya achomoe simu kwenye mfuko wa aproni. Hajabonyeza namba hata moja, dirisha la fundi cherehani likafunguka nyuma ya migongo yao, na fundi mwenyewe, mke wa Mkaguzi, akatoa kichwa, pini zikiwa mdomoni. “Simu haikuwepo, Breki. Juzi ulimfanya aisahau mezani ofisini. Haya, mrudishe mwenzio kwenye baridi.” Benchi zima likavunjika mbavu. Breki akanywea, akairudisha simu ofisini. Fundi akamgeukia mumewe, aliyekaa pembeni na kikombe chake, akampitishia sindano na uzi dirishani. “Nitilie uzi, macho yangu leo yamegoma.” Mkaguzi akatia uzi, akamtania kwamba uzee umeingia bila kupiga hodi. Mke akacheka, akafunga dirisha.

Kesho yake asubuhi alianguka jikoni, na kabla ya adhuhuri alikuwa ameshafariki. Daktari alisema mshipa umepasuka kichwani. Akasema pia kwamba hapakuwa na dalili ambayo mtu angeweza kuiona. Mkaguzi aliisikia sentensi ya kwanza, akaikubali. Ya pili aliikataa.

Aliikataa kwa sababu ya kazi yake. Jengo likianguka, yeye ndiye anayeitwa vumbi likishatulia. Huwakataza watu kuhamisha hata tofali, kisha huanza kutembea taratibu, mikono mgongoni, akitafuta. Na miaka yote hiyo hakuwahi kukosa. Palikuwa na nguzo iliyolowa maji. Palikuwa na ufa ambao mtu aliupaka rangi. Palikuwa na mama wa ghorofa ya chini aliyesema mlango wake ulianza kukwama tangu masika, wakamwambia mbao zimevimba. Kitu kilikuwepo. Kilikuwepo siku zote, mbele ya macho ya watu.

Kwa hiyo, baada ya mazishi, alifunga duka la mkewe na kutia funguo mfukoni. Mdogo wa marehemu alipokuja kuziomba ili nguo za watu zirudishwe kwa wenyewe, alimjibu kwa upole kwamba bado hajamaliza. Ukweli ni kwamba alikuwa hajaanza. Kila alipoufikia ule mlango, aligeuka akarudi alikotoka. Lakini alijua atakachokitafuta. Alitaka kujua kama ile sindano ilikuwa ufa.

Siku aliyorudi kijiweni walimpisha pale pembeni pake. Kinyozi aliizima mashine ya kunyolea ingawa kiti kilikuwa na mteja, akamwambia mteja avute subira. Wakili, ambaye si wakili, alikuwa karani wa mahakama na akabaki na ulimi wa mahakama, alimshika bega akaliachia. Mama Birika, muuza kahawa wa kijiwe, akamimina kahawa. Dirisha nyuma yao lilikuwa limefungwa, na kila mmoja alikaa mbele kidogo kuliko kawaida, kama vile ubao wa nyuma una moto.

— Leo anatoka, akasema Kinyozi, hata Mkaguzi hajakaa vizuri. Tumekubaliana. Yule dada amekaa kwenye baridi mno.

— Nani amekubaliana?

— Kijiwe.

— Kijiwe kimekutana lini?

— Ndugu yangu, unataka muhtasari wa kikao? akasema Wakili, huku akitazama viatu vyake.

Hapo Mkaguzi akaelewa. Walikutana kwa ajili yake. Wanaume hawa walikaa hapa, wakajikuna vichwa, wakaona kwamba mke hawawezi kumrudishia, basi angalau wamtolee yule wa hadithi. Hakujua awashukuru au ainuke aende zake.

— Haya, akasema, kwa kuwa walikuwa wakimsubiri. Anatokaje?

Breki akasugua viganja kwa furaha.

— Ardhi inatetemeka! Gugugu! Ukuta unapasuka, huyo anapita katikati, anakwenda zake nyumbani.

— Ardhi haijatetemeka hata mara moja tangu tuanze hadithi hii.

— Kwani ardhi inatoa taarifa?

— Haitoi. Lakini ukuta haupasuki kwa kuwa tunampenda aliye ndani. Na ukipasuka, Breki, dari inashuka nao. Hapo ulipo umeshamuua.

— Nimemuua mimi?

— Umemuua, akathibitisha Kinyozi. Toka, mpishe mwenzio. Mimi nasema hivi: meneja anarudi kwake, anakula, anashiba, analala. Anaota mama yake anamlilia. Anashtuka, anatubu, anakuja mbio na funguo.

— Pingamizi! akasema Wakili.

— Nilijua tu.

— Meneja alimfungia kwa nini? Kwa sababu dada aligundua kwamba nyama iliyotakiwa kuteketezwa inapelekwa sokoni. Akimfungulia, meneja anakwenda jela. Anajua hivyo. Mtu aliyepanga mambo yake tangu mwanzo, leo unamlainisha kwa ndoto moja? Shemeji alisema nini? Adui naye ana kichwa chake. Ukimfanya mjinga ili mambo yako yaende, umejifanya mjinga wewe.

Jina hilo, Shemeji, walilomwitia mke wa Mkaguzi, lilikuwa halijatajwa hapo tangu msiba. Sasa likawa limetajwa, na dunia haikupasuka. Mama Birika akapitisha kitambaa juu ya vikombe ambavyo tayari vilikuwa safi.

— Hivi, akasema Breki taratibu, kwani yeye hizi hadithi zake alikuwa anaziitaje?

— Hadithi za akili, akasema Mkaguzi.

— Ndiyo hizo. Mimi miaka yote nacheza mchezo ambao siujui. Hadithi ya akili ndiyo ipi? Maana zenye watu wenye akili ziko nyingi, na alikuwa anazitupa.

Hapo ndipo kijiwe kiliposhika moto kama siku za nyuma.

— Hadithi ya akili ni kesi, akasema Wakili. Ushahidi wote unawekwa mezani kabla ya hukumu. Msikilizaji anaona kila anachokiona mhusika. Huruhusiwi kuniletea shahidi wa ghafla siku ya mwisho, eti alikuwa amejificha chooni.

— Wewe kila kitu kesi, akasema Kinyozi. Hadithi ya akili ni kichwa cha mteja. Nikishapitisha mashine, nimepitisha. Siwezi kusema samahani, ule upande wa kushoto turudishe nywele. Ulichokisema jana kinakubana leo. Basi.

Mteja aliyekuwa ndani, nusu kichwa kimenyolewa, akauliza kwa sauti iwapo na yeye ni hadithi. Kinyozi akamwambia anyamaze, anaharibu hoja.

— Ngojeni, ngojeni. Breki alisimama. Ni lori kwenye mteremko! Breki zimekatika. Una nini? Una gia, una usukani, una honi, una kichwa. Huwezi kuomba barabara inyooke. Huwezi kuomba mlima uishe. Unafikiri hukohuko ukishuka, ukikosea unajua umekosea, unajaribu kingine. Hiyo ndiyo hadithi ya akili, na mimi nimeiishi, mashahidi wangu ni magunia ya vitunguu.

— Uliyoyamwaga.

— Lakini nilibaki!

Mkaguzi alijikuta ametabasamu. Tabasamu likampita haraka, kama mtu aliyekosea mlango.

— Basi kwa mwendo huo, akasema Kinyozi akinogewa, kwenye hadithi ya akili watu hawapendani. Mtu akipenda, akili inaruka dirishani. Andikeni hilo: hakuna mapenzi.

— Nani kakudanganya? akadakia Mama Birika. Mimi nimeanza kufikiri siku niliyompenda mume wangu. Nilijua hatua zake kabla hajafika uani. Nikisikia anavyolifunga lango, najua leo kanywa, kanywa na nani, na uongo gani unakuja. Wewe usiyependa mtu unafikiria nini? Mashine yako?

— Mama Birika kashinda hiyo, akasema Wakili.

— Sawa, nimeshindwa. Lakini sikilizeni kubwa kuliko zote. Kinyozi aliinua kidole. Mtu mwenye akili kamili angeijua hatari tangu asubuhi. Asingekwenda kazini. Asingetoka kitandani. Kwa hiyo hadithi ya akili haiwezi hata kuanza! Mwenye akili kabaki kitandani, hadithi imekwisha, twendeni nyumbani!

— Kitandani nako watu wanakufa, akasema Wakili, akicheka.

Kisha akasikia alichokisema. Wote wakasikia.

— Nisamehe, ndugu yangu.

— Hakuna cha kusamehe, akasema Mkaguzi. Yeye alikuwa jikoni.

Aliweka kikombe chini. Alizungumza taratibu, kama anayesoma ripoti.

— Mwanzoni nami nilidhani ni hadithi za watu wenye akili. Akaniambia hapana, hata mpumbavu anaweza kuwamo, mradi awe mpumbavu kwa sababu zake. Alisema kinachobanwa ni msimulizi. Yeye ndiye haruhusiwi kudanganya. Dunia aliyoiweka ikae vilevile hata pale inapomuumiza mtu anayempenda. Alisema bahati inaruhusiwa kumwingiza mtu shimoni, lakini hairuhusiwi kumtoa. Atoke kwa vilivyomo. Na alisema kipimo ni hiki: ukifika mwisho, rudi mwanzo. Utalikuta jibu limekaa palepale linakutazama. Lilikuwepo. Ulilipita tu.

Sentensi ile ya mwisho ilimtoka vibaya. Alikuwa amerudi mwanzo kila siku tangu mazishi. Alikuwa amerudi kwenye sindano. Kwenye wiki mkewe alipolalamika kwamba taa ya dukani ni hafifu, naye akabadilisha taa. Kwenye siku aliyopanda ngazi akasimama katikati, akasema amesahau alichofuata. Kila mtu husahau alichofuata. Kila fundi wa umri ule macho humgomea. Lakini kila mlango uliokwama nao mtu alisema ni mbao.

— Basi tumtoe kwa vilivyomo, akasema Breki kwa sauti ndogo. Tumtoe kwa haki. Kuna nini humo ndani?

Wakaanza kuvitaja, wakipokezana. Nyama zilizoning’inia kwenye ndoano. Toroli lenye gurudumu bovu, hilo liliwekwa na Kinyozi mwenyewe. Taa moja darini. Ndoo ya maji yaliyoganda. Aproni. Mlango mzito usio na kitasa upande wa ndani.

— Agonge mlango kwa toroli.

— Gurudumu bovu, na mlango unene wake ni huu, akasema Mkaguzi, akipima kwa viganja.

— Ajifunike nyama.

— Nyama yenyewe imeganda, unamfunika kwa barafu.

— Atumie ndoano, achokonoe bawaba.

— Bawaba ziko nje. Wewe ndiye uliyesema ziko nje, Wakili.

— Nilikuwa na haraka siku ile.

Ghafla Breki akapiga paja lake.

— Barafu! Barafu ya kwenye ndoo! Nimeendesha lori la nyama mimi, najua hayo majokofu. Kuna kile kidude cha ukutani kinachopima baridi. Kidude kikiona baridi imetosha, mashine inazima. Sasa dada anavunja barafu, anakizika kidude humo mashine ikiwa imezima! Hewa haikigusi tena, mashine inadanganyika, inadhani chumba bado kimeganda, haiwaki. Baridi inapungua kidogokidogo. Dada anaishi mpaka asubuhi, wafanyakazi wanakuja na funguo zao. Kwa akili yake mwenyewe! Bila muujiza!

Kinyozi alimkumbatia. Mteja mwenye nusu kichwa alipiga makofi. Hata Mama Birika akasema, “Alhamdulillahi, binti wa watu.” Na Mkaguzi naye alihisi kitu kikiinuka kifuani, kitu kilichofanana na furaha, kiasi kwamba aligeuka kutazama dirishani.

Limefungwa.

— Kidude hakikutajwa, akasema.

— Bwana wee! Kila chumba cha baridi kinacho!

— Hakikutajwa na yeyote kati yetu.

— Kisichotajwa hakimo? Hata moyo wa yule dada haukutajwa, mbona unadunda? Breki alikuwa karibu kulia. Kilikuwepo, Mkaguzi. Hatukukiona tu.

— Shemeji angesemaje? akauliza Wakili.

Wote wakamtazama Mkaguzi. Alitafuta sauti ya mkewe, ile yenye pini, na kwa mara ya kwanza hakuipata. Hakujua. Mtu aliyeishi naye muda wote ule, na hakujua kama angesema kidude kimo au hakimo.

— Samahanini.

Mwanamke alikuwa amesimama kando ya baraza, mkoba begani, kiatu kimoja kimejaa vumbi kuliko kingine. Hakuna aliyemfahamu.

— Namtafuta fundi wa hapa. Niliacha gauni, nikasafiri kwenda kuuguza. Naona pamefungwa.

Wanaume wakatazamana. Ilibidi Kinyozi aseme, kwa kuwa baraza ni lake.

— Fundi amefariki, dada. Pole. Huyu ndiye mumewe.

Mwanamke alikaa kwenye ncha ya benchi bila kukaribishwa. Akampa Mkaguzi pole. Mkaguzi akaipokea. Mama Birika akampa kahawa, na mgeni akauliza, labda kwa adabu tu:

— Nimekuta mnabishana. Nani amefungiwa?

— Ni hadithi tu, akasema Wakili, na kwa sababu hajui kufupisha akamweleza yote: meneja, nyama, mlango, ndoo, na sheria ya marehemu kwamba msimulizi haongezi kitu na mtu hutoka kwa vilivyomo. Mgeni alisikiliza akiwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Hakunywa.

— Na kama vilivyomo havitoshi? akauliza.

— Havitoshi vipi?

— Huyo dada. Tuseme amefikiri vizuri. Ametazama kila kitu, hakupuuza hata kimoja. Na bado vilivyomo havitoshi kumtoa. Hapo yeye amekosea wapi?

Wakili alivua miwani akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena. Kinyozi alitazama mikono yake. Walimgeukia Mkaguzi, naye alikuwa anawatazama wao. Alikuwa anasubiri ajibiwe. Alisubiri kwa moyo wote, kama anayesubiri daktari atokee mlangoni.

Mama Birika alitaka kumwongezea mgeni kahawa. Birika likatoa machicha.

— Gauni lako la rangi gani? akauliza Mkaguzi.

— Kijani. Mikono mirefu.

— Njoo kesho asubuhi.

Asubuhi Mkaguzi alifika dukani kabla yake. Ufunguo ulizunguka bila shida. Ndani palinuka mafuta ya cherehani na kitambaa kipya, na chaki ilikuwa bado juu ya meza, imelala pale mkono ulipoiacha. Nguo za watu zilikuwa zimekunjwa kwenye rafu, kila moja na kipande cha karatasi chenye jina. Gauni la kijani halikuwa rafuni. Lilikuwa kwenye cherehani, limebanwa chini ya sindano, pindo limeshonwa nusu na nusu iliyobaki imeshikizwa pini.

Alivuta kiti, akakaa alipokuwa akikaa mkewe. Hiki ndicho alichokuwa amekifungia mlango. Ndio mshono wa mwisho wa mkono ule. Angegeuza pindo tu, akaufuata mshono kutoka ulipoanzia hadi uliposimama, angeona kama ulikwenda sawa mpaka mwisho au ulianza kuyumba, na uliyumbia wapi. Jicho lake lilikuwa limezoea kazi hiyo. Mwanga ulikuwa unatosha. Ingemchukua muda mfupi sana, kisha angejua, au angedhani amejua.

Alikaa hapo, pindo hajaligeuza, mpaka aliposikia hodi.

Aliinua chuma kinachobana kitambaa, akakata uzi kwa mkasi mdogo. Akalikunja gauni taratibu, pindo likiwa ndani pamoja na pini zake zote, akiwa ametazama ukutani. Kisha akaenda kufungua.

— Halijaisha, alimwambia yule mwanamke. Pindo limebaki nusu. Angalia pini.

— Nitamalizia mwenyewe, akasema, akalipokea.